Mteja ni Mwalimu



Fikiria mashine mbili za kusaga katika kijiji kimoja. Zote zinasaga vizuri. Bei ni moja. Lakini kwenye mashine moja kuna foleni tangu asubuhi. Kwenye mashine ya pili mwenyewe amekaa kwenye benchi anafukuza nzi. Kwa nini?

Wengine watasema ni bahati. Wengine watasema ni uchawi. Tusiende mbali hivyo. Kwanza tuwaulize wateja.

BIASHARA YA HUDUMA NI NINI?

Kinyozi hauzi nywele. Fundi baiskeli hauzi baiskeli. Mwenye mashine hauzi unga. Watu hawa wanauza kazi yao. Biashara ya namna hii huitwa biashara ya huduma.

Mwenye duka asipouza sabuni leo, ataiuza kesho. Lakini kiti cha kinyozi kikikaa kitupu leo, mapato ya leo yamepotea. Huwezi kuyaweka akiba. Kwa hiyo mwenye huduma anamhitaji sana mteja anayerudi tena na tena.

Mteja atarudi kama haja yake imetimizwa. Lakini utaijuaje haja yake? Sikiliza habari hii.

WATEJA WALIVYOIFUNDISHA KAMPUNI

Siku hizi tunatuma pesa kwa simu, hata vijijini. Je, unajua kazi hii ilianzaje kwa jirani zetu wa Kenya?

Mwezi wa Oktoba mwaka 2005, kampuni ya simu ya Safaricom ya Kenya na kampuni ya Vodafone ya Uingereza zilianza kujaribu huduma mpya. Jaribio lilifanywa Nairobi na Thika. Lilikuwa dogo sana. Mawakala walikuwa 8 tu. Wateja hawakufika 500.

Wateja hao walikuwa wakopaji wa Faulu Kenya, shirika linalokopesha watu wenye biashara ndogo. Kusudi lilikuwa moja: wakopaji wapokee mikopo na kuilipa kwa simu.

Lakini wateja walipoipata huduma hiyo, waliitumia kwa mambo mengine pia. Mtu aliyesafiri aliweka pesa kwa wakala kule alikotoka, akazitoa kwa wakala kule alikofika. Njiani mfuko wake ulikuwa mtupu, na mwizi hakuwa na cha kuiba. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliacha mauzo ya siku ndani ya simu mpaka asubuhi, kama watu wanaoweka pesa katika sanduku lenye kufuli. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwatumia jamaa zao waliokuwa mbali.

Kampuni ingeweza kuwakemea. Ingeweza kusema, "Huduma hii ni ya mikopo tu!" Haikufanya hivyo. Watu wake waliangalia, wakauliza, wakaandika waliyoyaona. Wakatambua kwamba haja kubwa ya watu ni kutuma pesa kutoka mahali hadi mahali, hasa kutoka mjini kwenda nyumbani.

Haja hiyo tunaijua sote. Zamani mtoto aliyefanya kazi mjini alimpa pesa dereva wa basi, au ndugu anayesafiri, au alikwenda posta. Pesa nyingine zilichelewa. Nyingine hazikufika kabisa. Mama akabaki anangoja, na ada ya shule haijalipwa.

Basi mpango ukabadilishwa. Mwezi wa Machi mwaka 2007 huduma hiyo, iliyoitwa M-Pesa, ilifunguliwa kwa Wakenya wote. Mambo ya mikopo yaliwekwa kando. Wananchi waliambiwa jambo moja jepesi: tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kwisha, wateja walikuwa wamepita milioni 1. Mwaka 2008 Vodacom ilianza M-Pesa hapa Tanzania. Baadaye kampuni nyingine nazo zikaanza huduma kama hiyo.

Kumbuka jambo moja zaidi. Wakati wa jaribio, kuwafundisha wateja kulichukua muda mrefu kuliko ilivyotazamiwa. Kitu kipya kinahitaji mwalimu mwenye subira. Ukimcheka mteja asiyeelewa, umemfukuza.

NA SISI JE?

Huenda ukasema, "Hao ni matajiri. Mimi nina mashine moja tu." Ndugu, kuangalia na kuuliza hakuhitaji utajiri. Turudi kwenye mashine yetu ya kusaga.

Kwanza, angalia. Nani anakuja? Anakuja saa ngapi? Ni nani alikuwa akija zamani na sasa haji? Mama amebeba debe kichwani na mtoto mgongoni. Anasimama juani. Je, umemwekea benchi na kivuli?

Pili, uliza. Usingoje mteja alalamike. Wengi hawalalamiki. Wanahama kimya kimya. Mwulize, "Mama, jambo gani linakusumbua hapa?" Akikujibu, usibishane naye.

Tatu, jaribu kidogo. Tuseme akina mama wamekwambia kwamba foleni inawachelewesha shambani. Unaweza kujaribu kupokea mahindi asubuhi, ili wayachukue yakiwa unga jioni. Usianze kwa kijiji kizima. Anza siku 2 kwa wiki, kwa mwezi mmoja.

Hapa ndipo kusoma na kuandika kunaleta faida. Nunua daftari. Andika jina la mteja, uzito wa mahindi, na fedha alizolipa. Pima mbele yake. Weka kikaratasi chenye jina lake juu ya mzigo. Mweleze mapema kwamba unga hupungua kidogo wakati wa kusaga. Ukinyamaza, jioni atadhani umemwibia.

Nne, hesabu. Mwezi ukiisha, fungua daftari. Mapato yameongezeka? Mafuta au umeme umegharimu kiasi gani? Kama kuna faida, endelea. Kama kuna hasara, badilisha au acha. Kuacha jaribio dogo si aibu. Aibu ni kuuza mashine kwa sababu hukutaka kuhesabu.

Lakini jihadhari. Kumsikiliza mteja si kumkubalia kila kitu. Wateja wote wakikopa, utanunulia nini mafuta? Mashine ikisimama, na wao watapata shida. Mwambie mteja ukweli kwa adabu, naye atakuheshimu.

Mama mwenye kilo 2 apokewe sawa na mwenye gunia. Leo ana kilo 2. Mwakani, mvua zikinyesha vizuri, huenda akaja na magunia 5. Atayapeleka pale alipoheshimiwa.

Basi, ndugu unayefukuza nzi kwenye benchi, inuka. Mpishe mama akae, kisha umwulize. Yeye ndiye mwalimu wako, wala hadai ada.

MASWALI YA KUJADILI

1. Wateja wa Thika na Nairobi walitumia huduma ile kwa mambo gani ambayo hayakutazamiwa?

2. Katika kijiji chenu kuna huduma gani ambayo watu wameihama? Mmewahi kuwauliza sababu?

3. Mama lishe, kinyozi na mwendesha bodaboda wanaweza kujaribu jambo gani dogo mwezi huu?