Umeme wa Kuvuta kwa Jirani ni Ghali Kuliko wa Mita Yako

Katika vitongoji vya Kata ya Nyamuswa, kama ilivyo kwingine vijijini, nyumba yenye mita ya LUKU inaweza kuwasha taa za nyumba mbili au tatu. Waya hupitishwa juu ya uzio, na jirani huchangia fedha za kununua uniti. Desturi hii imejengwa juu ya ujirani mwema, lakini huwaingiza wote wawili katika gharama wasiyoitarajia.

Chanzo ni mpangilio wa bei. Kwa mujibu wa bei zilizoidhinishwa na EWURA na kuanza kutumika Aprili 1, 2016, mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, yaani kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Juu ya bei hizo huongezwa VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Bei ni moja, awe mteja yuko Nyamuswa au Dar es Salaam.

Kiwango cha uniti 75 huhesabiwa kwa mita, si kwa familia. Tuchukue mfano wa nyumba mbili, kila moja ikitumia uniti 60 kwa mwezi. Kila nyumba ikiwa na mita yake italipa shilingi 7,320, na jumla ya zote mbili itakuwa shilingi 14,640. Zikichangia mita moja, matumizi yatakuwa uniti 120: uniti 75 kwa bei ya chini na 45 kwa bei ya juu. Jumla, pamoja na kodi na tozo, ni shilingi 28,365. Mwenye mita akihamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, uniti hizo hizo 120 zitagharimu takribani shilingi 42,749. Hesabu hizi hazijumuishi makato mengine, kama vile kodi ya jengo.

Hivyo jirani anayechangia nusu kwa nusu hulipa karibu mara mbili ya bei ambayo angelipa peke yake, na mwenye mita hupoteza nafuu yake. Hapo ndipo ugomvi huanza: uniti zikiisha usiku, kila upande huamini mwenzake ndiye aliyetumia zaidi, na hakuna kipimo cha kuamua.

Zipo nchi ambako majirani huuziana umeme kwa utaratibu. Katika vijiji vya Bangladesh, wenye paneli za jua huuza umeme wa ziada kupitia mitandao midogo ya SOLshare. Huko kila nyumba ina kifaa chake cha kupima kinachotoka na kinachoingia. Hapa nchini, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka anayefanya biashara ya kuuza umeme awe na leseni ya EWURA, na mteja wa nyumbani hana leseni hiyo. Aidha, waya mwembamba uliopitishwa kwenye miti au chini ya paa la nyasi unaweza kuzidiwa na mzigo, ukapata joto na kusababisha moto.

Njia ya nafuu ni kila kaya kuwa na mita yake. Gharama ya kuunganishiwa umeme vijijini ni shilingi 27,000, mbali na gharama za kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Kwa mfano uliotolewa hapo juu, fedha hiyo hurudi kwa takribani miezi minne. Maombi hupelekwa TANESCO, ofisini au kupitia mfumo wa NIKONEKT, na nyaya hutandazwa na mkandarasi mwenye leseni. Kwa nyumba yenye vyumba vichache, mwombaji aulize kuhusu kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho hupunguza kazi hiyo.

Kaya zilizo mbali na nguzo ziwasilishe majina yao kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, ili mahitaji yao yafahamike wakati wa kupanga miradi ya kusogeza umeme. Ujirani mwema utabaki, na kila nyumba italipia taa zake yenyewe.