Kazi ya mbali: wengine wanaifanyia ufukweni, Kilembwe bado wanatafuta rezo

Mwezi Oktoba 2020, wakati korona ilikuwa imefunga ofisi nyingi duniani, bustani ya michezo ya Yomiuriland, pembezoni mwa Tokyo huko Japani, ilianza kuuza tiketi ya aina mpya. Kwa yen 1900 katika siku za kazi, mteja alipewa meza na kiti kando ya bwawa la kuogelea, intaneti, na saa moja ya kukaa na kompyuta yake ndani ya lile gurudumu kubwa linalozungusha watu angani. Alijibu barua za mkubwa wake wa kazi akiwa juu, mji ukionekana chini.

Wengi walicheka. Lakini nchi za visiwa, ambazo hoteli zake zilikuwa tupu, hazikucheka. Barbados ilitangaza kibali cha mwaka mmoja mwezi Julai 2020 kwa mgeni mwenye kipato cha dola elfu 50 kwa mwaka. Morisi ilifuata mwaka huohuo, na yenyewe ilidai dola 1500 kwa mwezi. Shelisheli ikaingia katika biashara hiyo pia. Karibu na sisi, Zanzibar ilianzisha mwaka 2022 mpango unaoitwa Silicon Zanzibar, wa kuvuta kampuni za teknolojia na wafanyakazi wake, na kampuni ya Wasoko ikawa kati ya za kwanza kushirikiana nayo. Kisha tarehe 2 Oktoba 2024, rais William Ruto wa Kenya alitangaza jijini Nairobi kibali cha wageni wanaofanya kazi kwa intaneti.

Hesabu ya serikali hizo ni nyepesi. Mgeni wa namna hiyo haruhusiwi kuchukua kazi ya mwenyeji. Anakuja na mshahara wake unaotoka Ulaya au Marekani, analipa nyumba, anakula samaki, anapanda teksi, na hakai siku saba kama mtalii bali miezi mingi. Ubaya wake unaonekana baadaye. Mwezi Julai 2025 wakaaji wa Mexico City waliandamana, wakisema wageni hao wamepandisha kodi za nyumba mpaka wenyeji wanahama mitaa yao.

Sasa tuje kwetu. Kilembwe iko magharibi mwa Fizi, sekta ya Lulenge, kwenye milima inayoelekea Maniema. Watu wanalima na wanachimba dhahabu. Nguzo za SNEL hazijafika. Hoteli ya ufukweni haipo na ufuko wenyewe haupo. Ziwa liko upande wa Baraka, ambako rasi ya Ubwari inaingia majini kwa uzuri ambao watu wa hoteli wangeugombania kama usalama ungekuwepo. Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, karibu mita 1470. Maji hatukunyimwa.

Hata hivyo, kufanya kazi kwa simu si jambo geni Kilembwe. Anayenunua dhahabu huuliza kwanza bei ya mjini kwa simu, ndipo anaweka mzigo kwenye mizani. Mama mwenye mtoto anayesoma mbali anatuma pesa ya masomo kwa simu hiyohiyo. Kinachokosekana ni kazi ya kulipwa toka nje, ile ambayo kijana angeifanya akiwa kwao bila kuhama.

Tumchukue kijana mmoja wa kufikirika, aliyesoma informatiki Bukavu na kurudi nyumbani Kilembwe. Kompyuta yake ndogo inakula kama wati 50. Kwa saa 8 za kazi, hiyo ni wati-saa 400. Sahani ya jua ya wati 100, ikipata saa 4 au 5 za jua kali, inakaribia kutosha, mradi ana betri nzuri na si msimu wa mvua. Kwa hiyo umeme, ambao wengi wanaufikiria kwanza, unaweza kupatikana kwa kujibana. Rezo ni shida kubwa zaidi. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kula karibu giga 1, na vijijini mwetu mara nyingi lazima upande penye mwinuko ili simu ishike. Mkubwa wa kazi aliye Brussels hatangoja upande kilima.

Kisha kuna malipo. Mwezi Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, benki za mji zilifunga milango. Kijana wetu anaweza kumaliza kazi vizuri kabisa na bado akakosa njia ya kupokea dola zake. Hapo ndipo ndugu zetu wengi waliopita kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, na leo wanaishi Marekani au Kanada, wangeweza kusaidia zaidi ya kutuma pesa ya dawa na matanga. Wao wana akaunti, na waajiri wanawaamini.

Tusidanganyane pia kuhusu kazi yenyewe. Picha za matangazo zinaonyesha kompyuta chini ya mnazi. Mwezi Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha ili kufundisha akili bandia. Na hiyo pia ilikuwa kazi ya mteja aliye ng'ambo. Kama kazi ya namna hiyo itafika Fizi, ni heri vijana waulize bei mapema, kama anavyofanya mwenye dhahabu.

Upande wa rezo, mlango mmoja umefunguka. Mwezi Machi 2024 serikali ilikataza Starlink, kwa hofu kwamba waasi wangeitumia. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, iliipa kampuni hiyo ruhusa. Antena yake haihitaji mnara, inahitaji anga wazi na umeme kidogo, vitu ambavyo Lulenge inavyo au inaweza kuvipata. Bei si ya mtu mmoja wa kijijini. Shule au kituo cha afya kingeweza kuinunua na watu wakachangia mwezi kwa mwezi, ikiwa wenye silaha hawataichukua kwanza. Na barabara ya Kilembwe ikiwa ilivyo wakati wa mvua, antena hiyo itafika ikiwa imefungwa nyuma ya pikipiki.