Maumivu ya Shingo: Kwa Nini Mtaalamu Hukuuliza Kuhusu Hofu na Usingizi

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Kakola hadi Nyarugusu na Katoro, shingo hubeba kazi nzito. Mchimbaji hubeba viroba vya mawe kutoka duarani, mama hushinda ameinama akigonga mawe, na dereva wa bodaboda hutikiswa na barabara kutwa nzima. Kwa watu wengi, maumivu ya shingo hupungua ndani ya wiki chache. Yakizidi miezi 3 huitwa maumivu sugu.

Mgonjwa aendaye kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, hutarajia kukandwa na kufundishwa mazoezi. Hushangaa anapoulizwa: Unalala vizuri? Unaogopa kugeuza shingo? Una mawazo gani kuhusu kazi au madeni? Wapo wanaoondoka wakidhani wameambiwa kwamba wanajisingizia. Sivyo. Maumivu yao ni ya kweli, na maswali hayo ni sehemu ya tiba.

Ubongo na mishipa ya fahamu ndivyo vinavyotuletea hisia ya maumivu. Mtu mwenye wasiwasi au aliyekosa usingizi hukaza misuli bila kujua, na jambo dogo humuuma sana. Tena, anayeamini kuwa shingo itaharibika akiigeuza huacha kuigeuza. Misuli isiyotumika hudhoofika na kukakamaa. Siku anapojaribu, huumia zaidi na hofu huongezeka. Hivyo maumivu yanaweza kuendelea hata baada ya jeraha la awali kupona.

Huduma nzuri huwa na mambo haya:

1. Uchunguzi wa shingo, pamoja na nguvu na hisia za mikono.
2. Maelezo ya chanzo cha maumivu kwa lugha unayoielewa.
3. Mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo. Kwa mfano, kubeba ndoo nusu kabla ya ndoo nzima.
4. Mafunzo ya kupumua polepole, kupumzika na kupanga usingizi.
5. Rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili, endapo huzuni ni nzito au mgonjwa anawaza kujiua.

Una haki ya kuelezwa sababu ya kila swali, kutunziwa siri, kujua gharama kabla ya tiba, na kuhakikisha kuwa mtoa huduma amesajiliwa. Jihadhari na anayeahidi kukuponya kwa siku moja, anayevuta shingo kwa nguvu bila kukuchunguza, au anayekuuzia kola ya kuvaa kwa miezi bila ushauri wa daktari.

Usingoje mazoezi ikiwa umeanguka shimoni, umeangukiwa na kifusi au umepata ajali. Mikono au miguu inakufa ganzi au kukosa nguvu. Umeshindwa kuzuia mkojo. Au una homa, kikohozi cha muda mrefu na unakonda. Kifua kikuu, kinachowapata wachimbaji wengi, huweza kushambulia uti wa mgongo. Nenda hospitali mara moja.

Ulizia fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya mkoa wako, Shinyanga au Geita. Ukiwa umeajiriwa, mwarifu mwajiri mapema: jeraha au ugonjwa uliotokana na kazi huweza kulipiwa fidia na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).