Chupa, bomba na rula: jinsi ya kupima mvua na tope la maji

Mvua kubwa ikinyesha huko bara, maji ya Mto Sabaki hugeuka kahawia na tope hilo husambaa hadi baharini Malindi. Wakazi wa kando ya mto hulijua jambo hili kwa macho. Hata hivyo, kusema "maji yamechafuka" hakutoshi kulinganisha wiki hii na iliyopita. Panahitajika nambari, nayo hupatikana bila maabara.

Kifaa cha kupimia tope ni bomba la plastiki linalopenyeza mwanga, lililozibwa upande mmoja. Ndani, chini kabisa, huwekwa kibati cha duara kilichogawanywa robo nne, mbili nyeusi na mbili nyeupe. Rula hubandikwa ubavuni, sifuri ikiwa sawa na kibati. Anayepima husimama kivulini, humimina maji polepole huku akichungulia kutoka juu, na husimama mara tu kibati kisipoonekana tena. Sentimita zikiwa chache, tope ni jingi. Wazo hili lina asili ya mwaka 1865, pale mwanasayansi wa Italia, Angelo Secchi, alipozamisha visahani vyeupe baharini ili kupima uangavu wa maji.

Maji yachotwe kwa ndoo yenye kamba ndefu, mchotaji akiwa mbali na ukingo. Sabaki ina mamba na viboko.

Kipimo hiki kina uzito kwa familia zinazotia klorini kwenye maji ya kunywa. Chembe za udongo huimaliza nguvu dawa hiyo na kuvikinga vijidudu. Maji yenye tope hutuzwa kwanza mpaka yatulie, huchujwa kwa kitambaa safi, ndipo hutiwa dawa. Ikumbukwe pia kuwa bomba hili halionyeshi vijidudu wala kemikali. Maji yanayong'aa yanaweza kuwa na kipindupindu.

Kwa mvua, chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka inatosha. Hukatwa chini ya mabega, kisha kipande cha juu hupinduliwa na kuwa faneli. Kokoto hutiwa chini ili isipeperushwe na upepo, na maji huongezwa hadi alama ya sifuri. Milimita moja kwenye rula ni sawa na lita moja ya maji kwa kila mita mraba ya shamba. Kosa la kawaida ni kuiweka chini ya mwembe au karibu na paa. Umbali kutoka kwenye mti uwe angalau mara mbili ya urefu wa mti huo. Husomwa kila siku saa tatu asubuhi, kisha maji hurudishwa kwenye sifuri.

Kazi hii inafaa sana kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi, kwani kukata, kuziba na kusawazisha rula ni ufundi halisi. Daftari liwe na tarehe, saa, mahali na kipimo. Siku isiyo na mvua huandikwa sifuri, haiachwi wazi, maana nafasi tupu humfanya msomaji ashindwe kujua kama hapakunyesha au mpimaji alisahau.