Joto la Ekzosi Huanzia kwenye Kabureta

Kovu la moto kwenye kigimbi cha mguu wa kulia limekuwa jambo la kawaida mno Katoro, Nyarugusu na Kahama, huku Geita na Shinyanga, hadi wengi wameacha kulihesabu kuwa ni ajali. Kwenye Boxer na TVS HLX, pikipiki zilizozoeleka sana katika vijiwe vya bodaboda vya ukanda huu, bomba la ekzosi hupita upande wa kulia, jirani kabisa na mguu wa dereva na wa abiria wake. Dereva akilalamika kuwa joto limezidi, fundi humtafutia kava nene zaidi au kipande cha bati. Naona tunaanzia mwisho. Joto la ziada linalomtesa dereva mara nyingi tumeliongeza wenyewe, kwa namna tunavyoichezea kabureta, tunavyoacha tope kwenye silinda na tunavyopakia mzigo.

Injini ya petroli ya ukubwa huu hugeuza robo hivi tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta kuwa mwendo. Karibu theluthi hutoka na moshi kupitia ekzosi, na sehemu kubwa ya inayobaki haina budi kutoka kupitia kuta za silinda na oili. Pikipiki hizi hazina rejeta wala maji. Zinapozwa na upepo unaopita katikati ya mapezi ya silinda, basi. Gesi inayoipita valvu ya moshi huweza kuzidi nyuzi joto 600 za Selsiasi, na chuma cha bomba karibu na silinda huvuka 200 pikipiki ikiwa kazini. Ngozi ya binadamu huungua vibaya ikigusa kitu chenye nyuzi 60 kwa sekunde chache. Kwenye nyuzi 70, sekunde moja inatosha.

Tuanze na mafuta, maana hapo ndipo penye mengi. Petroli ikipanda bei, dereva humwomba fundi ampunguzie ulaji. Fundi hugeuza skrubu ya kabureta, au huweka jeti ndogo zaidi, na wapo wanaopenyeza uzi mwembamba wa waya kwenye tundu la jeti ili petroli ipite kwa shida. Silinda inapata hewa nyingi na mafuta machache. Mchanganyiko huo huungua polepole, na valvu ya moshi inapofunguka bado unaungua, kwa hiyo moto ambao ungemaliza kazi yake ndani ya silinda unaingia kwenye ekzosi. Isitoshe, petroli inapogeuka kuwa mvuke hufyonza joto. Ikipungua, upozaji huo nao unapungua. Injini inakosa nguvu, dereva anavuta mafuta zaidi ili apande kilima, na akiba aliyoitafuta inaishia njiani.

Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi, hivyo kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani hutoa mafuta mengi kidogo kuliko yanayohitajika. Fundi anayepunguza kiasi ana hoja. Ninachokipinga ni kupunguza bila kupima, wakati kipimo kipo mkononi: plagi. Endesha kilomita kadhaa kwa mwendo wa kazi, zima injini, iache ipoe, kisha toa plagi uitazame. Ikiwa kahawia, mchanganyiko uko sawa. Masizi meusi makavu yanaonyesha mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe kabisa, injini inakaushwa, na joto unalolisikia mguuni limetoka hapo.

Kuna pia wanaong'oa ea klina ili injini ipumue. Hewa inazidi, mchanganyiko unakauka, na vumbi la barabara ya Rwamgasa linakwenda moja kwa moja kusaga ringi na ukuta wa silinda. Ikague tapeti pia. Valvu ya moshi hupoa kila inapokaa kwenye kiti chake, na tapeti ikibana haikai sawasawa. Oili nyeusi iliyopungua haibebi joto inavyotakiwa.

Sasa upepo. Waendeshaji wa pikipiki za mbio huko Ulaya na Marekani hulalamika sana kuhusu joto la miguuni, kwa sababu injini zao zimefunikwa kwa plastiki na feni ya rejeta huwapulizia hewa ya moto kwenye mapaja. Huko wanahangaika kuielekeza hewa hiyo kwingine. Huku hatuna plastiki hizo, lakini tunajitengenezea kizuizi chetu: ile raba pana inayoning'inizwa kwenye madigadi ya mbele kuzuia tope. Masika ina kazi. Kiangazi, Septemba na Oktoba jua linapokuwa kali, inabaki pale pale ikiukinga upepo usiifikie silinda. Ikate iwe nyembamba au iondoe.

Na udongo wa mbuga wa Shinyanga hung'ang'ania vibaya. Ukikauka katikati ya mapezi hauanguki wenyewe, na tope kavu hulifungia joto ndani. Safisha kwa brashi na maji injini ikiwa imepoa kabisa; maji baridi juu ya chuma cha moto huweza kukipasua.

Mzigo unajulikana. Mifuko ya mawe kutoka kwenye maduara ya machimbo kwenda kwenye makarasha ya kuyasaga, au mishikaki ya abiria watatu, hulazimisha gia ndogo, mafuta mengi na mwendo wa taratibu. Injini inatoa joto kubwa kabisa wakati upepo ni mdogo kabisa. Ukishafika juu ya kilima na mzigo, shuka kwa mwendo wa wastani ili silinda ipate hewa kabla hujasimama. Kijiweni, zima injini.

Hayo yakishafanyika, ndipo kava ina maana. Kinachomkinga mtu ni nafasi ya hewa iliyopo kati ya kava na bomba, pamoja na vile vikalio vidogo vinavyozuia chuma kisigusane na chuma. Kava ikipotea, mchomeleaji hubandika bati juu ya bomba, na baada ya safari fupi bati lina moto uleule. Mdai fundi aliinue bati hilo, hata kwa upana wa kidole. Kitambaa cha nyuzi za kioo kinachozungushiwa bomba hupunguza joto kweli, lakini hushika maji na kulitia bomba kutu, na kikinyonya oili huweza kuwaka. Kwa pikipiki inayooshwa mara kwa mara sikishauri.

Kiroba cha plastiki kikigusa ekzosi huyeyuka, na ncha ya kitenge huungua. Dumu la petroli la pampu ya mgodini halina nafasi karibu na ekzosi hata kidogo. Kama ni lazima libebwe, lifungwe upande wa kushoto, mfuniko ukiwa umekazwa.

Abiria apande na kushuka kwa kushoto, na mtoto asishushwe kulia hata kama ndiko nyumbani kwao. Mtu akiungua, mwagilia jeraha maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20, mara moja, hata kama ni ya dumu. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia huharibu jeraha na kumficha mganga asione kina chake. Lifunike kwa kitambaa safi bila kupasua lengelenge. Likizidi ukubwa wa kiganja cha aliyeungua, au akiwa ni mtoto mdogo, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.