Barua ya munganga haikai sandukuni
Ernie ya mzee ipelekwe kwa mpasuaji ingali laini



Wewe uko karieri, unachimba kasiterite ao dahabu, na baba yako amebaki kijijini. Siku moja unarudi nyumbani na chumvi na sabuni, unamwona mzee anatembea polepole, mkono umeshika kinena. Unamuuliza: «Baba, iko nini hapo?» Anakujibu: «Hapana kitu, mwanangu. Ni uzee tu.» Kisha mama anakuita pembeni, anakuambia ukweli. Uvimbe upo tangu miaka 3. Unatoka akisimama ao akikohoa, unarudi akilala. Kwenye kituo cha afya walimwandikia barua ya transferi aende hospitali kuu. Barua iko wapi? Iko ndani ya sanduku, chini ya nguo za sikukuu.

Barua za namna hiyo ni nyingi katika vijiji vyetu. Ndiyo maana tunataka kuzungumza nawe leo.

Ernie ni nini?

Vitabu vya Kiswahili vinaiita ngiri. Karibu na kinena, ukuta wa tumbo una pahali penye udhaifu. Pahali hapo pakilegea, utumbo unapenya na kuchomoza, sawa vile mpira wa ndani wa kinga unavyochomoza pale mpira wa nje umepasuka. Kwa wanaume uvimbe unaweza kushuka mpaka kwenye mfuko wa mapumbu. Wanawake nao wanaipata. Kwa mama mzee inaweza kuwa ndogo, chini ya kinena, na hiyo ndogo ndiyo inafungwa upesi zaidi.

Si uchawi, wala si ugonjwa wa zinaa. Wazee wengi wananyamaza juu ya haya tu, kwa kuwa wanaona vibaya kuvua mbele ya muuguzi kijana. Basi wewe mtoto, zungumza na baba kwa heshima, mkiwa wawili, ama umtume ndugu yake wa rika lake.

Kwa mtu mzima, hakuna kidonge wala mti wa porini wenye kuziba tundu lile. Mshipi wa kufunga kiunoni unashikilia uvimbe tu, hauuponyeshi. Dawa ni kupasuliwa. Mnamo miaka ya 1880, munganga Edoardo Bassini wa Italia alionyesha namna ya kushona vizuri ukuta ule, na tangu hapo operesheni hii imekuwa kazi ya kawaida. Mahali pengine wanaweka kitambaa cha nyavu kusaidia nyuzi. Mwaka 2016 ilitangazwa kazi ya waganga waliopasua wanaume 302 upande wa mashariki ya Uganda, wengine kwa nyavu ya bei kali, wengine kwa nyavu ya bei nafuu sawa ile ya chandarua, iliyosafishwa kwa mashine ya hospitali. Kisha mwaka 1, ernie ilirudi kwa mtu 1 tu. Usikate chandarua chako nyumbani! Tunalosema ni kwamba hata maskini anaweza kupata operesheni nzuri.

«Lakini amezoea nayo»

Ndiyo, mtu anaweza kuishi na ernie miaka mingi. Shida ni siku ile utumbo unakataa kurudi. Tundu linaukaba, damu haipiti tena, na utumbo unaanza kuoza. Hapo tunahesabu saa, hatuhesabu siku. Shika alama hizi:

– uvimbe umekuwa mgumu, unauma sana, haurudi ndani;
– mgonjwa anatapika, tumbo linajaa;
– hapati choo, wala hewa haitoki;
– ngozi juu ya uvimbe imekuwa nyekundu ao nyeusi.

Ukiona hivyo, ondoka mara moja, hata usiku. Usiusukume kwa nguvu. Usimpe chakula wala dawa ya kuharisha. Usimpige lavema.

Sasa fikiri juu ya njia zetu. Territoire ya Shabunda ina kilometa za mraba 25.216, karibu sawa na nchi nzima ya Rwanda. Barabara zinajulikana: matope, madaraja yaliyovunjika, vizuizi. Miaka mingi ndege ndogo za Kavumu ndizo zilitufikisha Bukavu. Lakini Februari 2025 M23 waliingia Kavumu na Bukavu, na leo mtu hawezi kuitegemea ndege bila kuuliza kwanza. Mzee mwenye utumbo uliokabwa, akibebwa kwa tipoyi siku 2 msituni, atafika amechelewa. Mzee yuleyule, ernie ikiwa ingali laini, anaweza kusafiri polepole, akipumzika njiani. Tofauti ya safari hizi mbili ni barua iliyofichwa sandukuni.

Siyo lazima kila mgonjwa aende Bukavu. Katika nchi yetu, kupasua ernie ni kazi ya hospitali kuu ya zoni ya afya. Anza hapo. Wakiona mzee ana moyo dhaifu ao shida nyingine kubwa, wao wenyewe watakuambia apelekwe mbele.

«Si ni mzee sana?»

Umri peke yake haukatazi. Mara nyingi hawamlazi usingizi mzito. Wanapiga sindano ya mgongoni, ama wanatia ganzi pahali pa kupasua tu. Lakini munganga atataka kujua mambo haya, nawe usimfiche:

– Je, mzee anajikaza kukojoa? Anakohoa siku zote? Choo chake ni kigumu? Hayo yanasukuma ernie, na yatatunzwa pia, isirudi tena.
– Anakunywa dawa gani? Za presha, za sukari, hata za mitishamba. Zilete zote.

Mbele ya kuondoka, uliza bei yote: operesheni, dawa, kitanda. Panga nani atalala naye hospitalini na nani atapika. Kaeni jamaa yote, kila mtoto aseme atatoa kiasi gani. Wewe wa karieri, usingoje shimo litoe kwanza. Shimo halina tarehe.

Kisha kupasuliwa, mzee atasimama na kutembea siku ileile ao kesho yake. Kidonda kikae kikavu. Asibebe kuni, maji wala mzigo wa shamba mpaka munganga aruhusu. Kwa kawaida ni majuma 4 mpaka 6. Kidonda kikitoa usaha ama homa ikipanda, arudi kwa munganga.

Jioni hii, msomaji, fungua sanduku. Kama barua ni ya zamani, usiogope kugombezwa. Rudi nayo kituo cha afya, muuguzi amwangalie mzee na aandike nyingine. Halafu keti karibu na baba, umwambie: «Baba, ulitubeba mgongoni tulipokuwa wadogo. Safari hii utuachie sisi.»