Rudisheni Themostati

Awe dereva wa Probox pale Kawangware 46 au mwenye Vitz anayeegesha Makina, Kibera, swali huja lilelile: "Fundi, hii gari inachemsha. Si utoe tu themostati?" Desemba watu wakianza kujiandaa kwenda ushago, linageuka wimbo. Wengine hata hawaulizi. Wanafika ikiwa imeshatolewa zamani, na wanachotaka kujua ni kwa nini gari linakunywa mafuta.

Jibu ni hapana. Nimelisema mpaka mate yamekauka, leo naliandika.

Hoja yenyewe mnaijua: themostati ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi. Nimeisikia kwa watu wa hekima zao, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza Tokyo kukoje mwezi wa Agosti. Mchana wa kule unapita nyuzi 30 siku baada ya siku, na jasho halikauki. Nairobi hata Februari kufika 30 ni nadra, na Julai asubuhi abiria wa Naivasha Road wanapanda matatu na makoti. Muscat wakati wa kiangazi joto hupita 40, na Land Cruiser za huko zinatembea na themostati zao ndani. Petroli inayoungua kwenye silinda ina joto ambalo hali ya hewa ya Kawangware hailiongezi wala hailipunguzi kwa kiasi cha kutajwa. Injini inataka maji yake yakae karibu na nyuzi 90, iwe Limuru au Lodwar.

Sasa tazameni kinachotokea ukitoa themostati inayoyashika hapo. Watu hudhani njia imefunguka, maji yote yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Sivyo. Injini nyingi zina njia fupi inayoyarudisha maji ndani bila kuyapitisha kwenye rejeta. Ndiyo inayotumika injini ikiwa bado baridi. Kwenye nyingi za Toyota, themostati ina kisahani upande wa pili ambacho huiziba njia hiyo injini ikishapata moto. Hicho kisahani nacho umekitupa. Njia fupi imebaki wazi siku zote, na maji, kama dereva wa matatu aliyeona jam ya Ngong Road, yanakata njia ya panya. Sehemu yake inazunguka na moto wake wote bila kuliona feni. Kwenye tambarare huwezi kugundua. Mpe mwenye gari hilo familia na mizigo, apande kutoka Mai Mahiu kuja Rironi, ndipo atakapokuta gari lililotolewa themostati ili lisichemke linachemka kuliko mwanzo.

Kuna pia watetezi wa themostati wanaosema bila hiyo maji hupita mbio, hayapati nafasi ya kupoa. Nao waache. Maji yakizunguka kwa kasi zaidi, rejeta hutoa joto zaidi. Ubaya uko kwenye njia ya panya, hauko kwenye mbio.

Gari hilohilo likiwa halipandi mlima, tatizo linageuka: halipati moto. Sensa inaiambia kompyuta kwamba injini ni baridi, kompyuta inaongeza petroli kama ilivyofundishwa. Giaboksi ya otomatiki nayo inakawia kuingia gia ya mwisho. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili, plagi zinakuwa nyeusi, taa ya injini inawaka, na mashine ya kupimia inasoma P0128. Vitz nyingi kutoka Japani hazina mshale wa joto; zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Kama umetoka Kawangware ukafika Prestige na bluu bado inakutazama, usimuulize mtu kama themostati ipo. Halafu kila tarehe 14 EPRA ikitangaza bei ya mafuta, mwenye gari hilo ndiye anayepiga kelele kuliko wote.

Najua dawa hii ya kutoa themostati ilikotoka. Waliotufundisha kazi walijifunzia kwenye Peugeot 504 na Datsun za kabureta. Themostati ikikwama imefungwa katikati ya safari, unaifungua, unaitupa, unafika nyumbani. Ilikuwa akili, na hata leo ukikwama Salama usiku ningekwambia ufanye hivyohivyo. Kabureta haikuwa na kompyuta ya kulalamika. (Na nisisikie mtu akiisema vibaya 504, gari lililoshinda Safari Rally 1975 na 1978 lilikuwa na haki ya kunywa kidogo.) Lakini sheria yetu haipokei gari la mtumba la zaidi ya miaka 8, kwa hiyo karibu kila kinachoshuka Mombasa sasa kinaendeshwa na kompyuta. Ujanja wa njiani umefanywa kanuni ya gereji.

Halafu kuna jaribio la sufuria. Fundi anachemsha maji, anatumbukiza themostati, inafunguka nusu, anasema imekufa. Hapa tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, maji ya sufuria yanachemka karibu nyuzi 94. Themostati ya 82 huanza kufunguka kwenye 82 yake, lakini kufunguka yote ni karibu 95. Ile ya 88 inahitaji zaidi ya hapo. Sufuria ya Kibera haiwezi kuifikisha. Ikianza kufunguka, ni nzima. Zilizotupwa zikiwa hazina kosa Kirinyaga Road hazihesabiki.

Basi gari linachemsha, ufanye nini? Injini ikiwa imepoa kabisa, angalia maji. Yakipungua kila siku kuna mahali yanavuja, na manjano uliyomwaga kwenye rejeta yanaziba mirija, hayazibi ufa. Badilisha kifuniko cha rejeta, namba ileile iliyoandikwa juu yake: kikishika presha maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115, kikilegea unarudi kwenye 94 ya sufuria. Feni liwake lenyewe. Mwoshaji asipige rejeta kwa presha ya karibu, vile vibati vyembamba vinalala na hewa haipiti. Weka kulanti, achana na maji ya kisima. Mshale uko juu na mpira wa rejeta ni baridi? Hapo themostati inaweza kuwa imekwama: nunua mpya ya nyuzi zilezile, na raba yake, ile pini ndogo inayochezacheza ikae juu, uwashe injini na hita mpaka hewa yote itoke. Povu likiendelea kupanda kwenye rejeta injini ikinguruma, hiyo ni hedi gasketi. Zima, livutwe mpaka gereji.